Upasuaji wa roboti kwa saratani ya koo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Nafanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo hapa Dodoma. Maswali haya nimeyachota kwenye benchi la kusubiria, wodini, na kwenye simu zinazopigwa usiku na watoto wa wagonjwa walioona video ya roboti ikifanya upasuaji. Wengi wanaanza na "Sista, hiyo mashine inaponya?" Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomhusu mtu mmojammoja. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimetaja namba ya swali.

## Tuelewane kwanza

1. Mnaposema "saratani ya koo", ni koo lipi?

Kiswahili chetu kinaita koo kila kitu kuanzia nyuma ya ulimi mpaka kifuani, na hapo ndipo watu wanapotea njia. Nyuma ya kinywa kuna koromeo: mafindofindo, shina la ulimi, kaakaa laini na ukuta wa nyuma. Chini yake kuna zoloto, kisanduku cha sauti, kile kinachopanda na kushuka shingoni ukimeza mate. Halafu kuna umio, njia ya chakula inayoshuka kifuani mpaka tumboni. Na mbele ya shingo iko tezi inayovimba ikaitwa rovu au goita.

Hapa kwetu, mtu akisema "fulani alifariki kwa saratani ya koo", mara nyingi ilikuwa ya umio: alianza kukwamwa na ugali, akahamia uji, mwisho hata maji yakawa hayapiti. Huo ni ugonjwa mwingine, unapimwa kwa kamera inayoshushwa mpaka tumboni, na matibabu yake ni tofauti. Ukurasa huu ni wa koromeo, na zoloto kwa kiasi (swali la 12). Kwa hiyo chukua karatasi ya majibu ya kinyama uliyopewa (kinyama ni kile kipande kidogo cha nyama kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe maabara), umwombe daktari akuoneshe kwa kidole kwenye mwili wako: ni hapa, au hapa? Nimeona familia imechangishana kwa ajili ya roboti ya koromeo wakati mgonjwa wao ana saratani ya umio.

2. Dalili zipi zinipeleke hospitali?

Shika wiki tatu. Sauti iliyokwaruza wiki tatu bila kurudi, kidonda kinywani au kooni kisichopona wiki tatu, maumivu ya kumeza upande mmoja yasiyoisha, findo moja kubwa kuliko jingine, mtoki shingoni kwa mtu mzima ambao hata hauumi, mate yenye damu, kukonda bila sababu. Kuna dalili moja inayowapotosha hata wahudumu: sikio linauma, ukilichungulia ni zima kabisa. Koo na sikio vinashirikiana mishipa ya fahamu, kwa hiyo uvimbe wa shina la ulimi unaweza kuumia sikioni.

Anayepumua kwa kukoroma akiwa macho, au anayepaliwa na mate yake mwenyewe, huyo hasubiri wiki tatu. Aende leo.

Alikuja mzee mmoja wa Bahi na mfuko wa plastiki mweusi. Aliumwaga mezani: maganda ya vidonge vya miezi mitano, dawa zilezile za kuua bakteria alizopewa kila aliporudi kwenye zahanati aliyoanzia. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo akammulika na tochi. Findo la kushoto lilikuwa na kidonda unachokiona ukiwa umesimama mlangoni. Ukipewa dawa ya koo mara mbili na hali iko palepale, usipokee dozi ya tatu. Omba rufaa.

3. Nimeambiwa ni kimeo. Nikikate?

Hapana. Kimeo, au kidakatonge, ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kila mtu anacho. Kukikata hakutibu kikohozi, hakutibu koo linalowasha, na saratani hakuigusi kabisa. Kinacholeta ni damu isiyokata, vidonda vinavyooza na maambukizi kutoka kwenye kisu kilichotumika kwa wengine. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mkoani kwetu na Singida bado kuna wanaokata, na mgonjwa mwenye uvimbe akishakatwa anatulia miezi miwili mitatu akidhani ametibiwa. Miezi hiyo ndiyo inayomtoa kwenye kundi la wanaofaa kwa roboti (swali la 10).

4. Inasababishwa na nini? Mimi sivuti sigara.

Tumbaku na pombe ndizo zinazoongoza, na zikiwa pamoja madhara yake yanazidishana. Tumbaku ni pamoja na ugoro na ile ya kutafuna. Si lazima moshi. Pombe ni pombe, iwe gongo, wanzuki au mvinyo wa zabibu zetu za hapa Dodoma.

Chanzo cha pili ni virusi vya HPV, hasa aina ya 16, walewale wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hawa wanakaa kwenye mafindofindo na shina la ulimi, na wanaweza kumpata mtu asiyewahi kushika sigara. Kule Marekani na Ulaya ya kaskazini, virusi hawa ndio chanzo cha saratani nyingi za koromeo; kwa Afrika sehemu yao ni ndogo zaidi. Maabara hukipima kinyama kwa kipimo kiitwacho p16, kinachoonesha kama HPV wanahusika. Omba jibu hilo, kwa sababu saratani yenye HPV kwa kawaida inaitikia matibabu vizuri zaidi.

5. Je, nitamwambukiza mke wangu au watoto?

Saratani haiambukizi. Kuleni pamoja, nywieni kikombe kimoja. Virusi vya HPV hupita kwa kujamiiana, pamoja na kwa kinywa, lakini watu wengi wanaovipata mwili unavifukuza wenyewe, na vikileta saratani inakuja baada ya miaka mingi. Kwa hiyo jibu la p16 lisigeuke kesi ya ugoni nyumbani. Wenye binti wa miaka 9 hadi 14: chanjo ya HPV inatolewa bure nchini tangu mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu.

## Roboti yenyewe

6. Ni roboti inayopasua, au daktari?

Daktari. Roboti haina uamuzi wowote. Daktari anakaa kwenye kiti hatua chache kutoka kitandani, macho yakiwa kwenye kioo kinachoonesha koo lako kwa kina, likiwa limekuzwa mpaka mara kumi. Vidole vyake viko kwenye vishikio. Akisogeza mkono kidogo, kifaa kilicho ndani ya kinywa chako kinasogea kidogo zaidi, na mtetemo wa mkono wa binadamu unachujwa njiani. Akiondoa macho kwenye kioo, mikono ya roboti inasimama.

Hayuko peke yake. Kichwani pako anakaa daktari msaidizi akinyonya damu na moshi, yuko wa usingizi, wako wauguzi. Wewe umelala kwa nusu kaputi, hujui lolote.

Mashine iliyoenea zaidi inaitwa da Vinci, ya kampuni ya Marekani Intuitive Surgical. Waliofungua njia ya kuipitisha kinywani ni madaktari Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na Desemba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kwa uvimbe mdogo wa koo.

7. Inaingilia wapi? Shingo itachanwa?

Inaingilia mdomoni. Kinywa kinafunguliwa kwa chuma maalumu, kamera inaingia katikati na vifaa viwili vyembamba kama penseli pembeni. Uvimbe unakatwa pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, na ukingo huo unapelekwa maabara kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Lakini nikikwambia hutakuwa na kovu nitakuwa nakudanganya. Saratani ya koromeo hupenda kukimbilia mitoki ya shingo, kwa hiyo wengi hufanyiwa pia upasuaji wa kuitoa mitoki hiyo, na huo unachana shingo, siku hiyohiyo au wiki chache kabla au baada. Ndipo pia daktari anapofunga baadhi ya mishipa ya damu inayolisha koo, ili ikitokea damu baadaye isiwe ya kutisha (swali la 18).

8. Inazidi nini upasuaji wa zamani?

Zamani, kulifikia shina la ulimi, daktari alipasua mdomo wa chini, akakata mfupa wa taya katikati, akaufungua kama kitabu. Kisha taya linafungwa kwa vyuma, mgonjwa anatobolewa shingo ili apumue, na wengine hawakurudi kula vizuri tena. Roboti imeondoa safari hiyo yote kwa wale inaowafaa. Wengi hulazwa siku chache tu, na wengi hawahitaji kutobolewa shingo.

Faida iko kwenye kufika, si kwenye kukata. Ndiyo maana mtu ambaye uvimbe wake unafikika kwa njia nyingine hajapoteza kitu (swali la 15).

9. Daktari aliye ng'ambo anaweza kunipasua nikiwa Dodoma?

Kwa ufundi inawezekana. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux akiwa New York alitoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Lakini hata siku hiyo mashine ilikuwa pembeni ya mgonjwa, na madaktari walikuwa wamesimama tayari kushika kisu mtandao ukikatika. Koo likitoa damu linataka mikono chumbani, sasa hivi. Kwa hiyo tamani daktari aliyefunzwa aje, usitamani mtandao. Taasisi ya Marescaux, IRCAD, ilifungua kituo cha mafunzo Kigali mwaka 2023, na kwa madaktari wa ukanda wetu hilo lina maana kubwa kuliko upasuaji wa mbali.

## Nani anafaa

10. Nani anafaa na nani hafai?

Anafaa mwenye uvimbe wa findo, shina la ulimi au ukuta wa koromeo ambao bado ni mdogo, kwa kawaida usiozidi sentimita 4, usioshika mfupa, na mitoki ya shingo ikiwa michache. Awe anafungua mdomo vizuri. Jaribu nyumbani: weka vidole vyako vitatu kwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mwambie daktari, kwa sababu vifaa navyo vitapata shida.

Hafai ambaye uvimbe umekula taya, umezunguka mshipa mkubwa wa shingo, umeshika ulimi mzima kiasi kwamba hautoki nje, au saratani imefika mapafuni. Kuna wachache ambao mshipa wao mkubwa wa damu umepinda ukapita nyuma kabisa ya koromeo. Hao roboti ni hatari hata kama uvimbe ni mdogo, na anayeliona hilo ni CT scan, mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili, si macho.

Nikiwatazama wanaofika kwetu, wengi wako kundi la pili. Hawakuzaliwa kundi hilo. Walitoka la kwanza, wakapitia kimeo, mizizi, na dozi za koo.

11. Roboti au mionzi, ipi inaponya zaidi?

Kwa uvimbe wa mwanzo wa koromeo, zote mbili zinaponya, na kwa kiwango kinachokaribiana. Watu hawapendi kulisikia jibu hili, lakini ndilo la kweli.

Utafiti uitwao ORATOR uliwagawa wagonjwa 68 kwa bahati nasibu, wengine mionzi, wengine roboti. Majibu yalitoka mwaka 2019. Mwaka mmoja baada ya matibabu, waliopata mionzi walikuwa wanameza vizuri kidogo zaidi, ingawa tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe asingeitambua. Waliopata mionzi walipata zaidi matatizo ya masikio na kushuka kwa chembe nyeupe za damu. Waliopasuliwa walipata zaidi ugumu wa kufungua mdomo, na mmoja wao alifariki kwa kutokwa damu. Utafiti uliofuata, ORATOR2, ulisimamishwa mapema baada ya vifo viwili upande wa upasuaji.

Sisemi haya kumtisha mtu. Nayasema kwa sababu kuna baba aliyekataa kupanda treni kwenda mionzi Dar es Salaam, akisubiri auze ng'ombe apate ya roboti India. Alisubiri miezi saba. Uvimbe haukumsubiri.

Roboti ina nafasi yake ya kweli: kwa mtu ambaye upasuaji peke yake unaweza kumtosha, au kumpunguzia kipimo cha mionzi (swali la 20), na kwa hali chache nilizozitaja maswali ya 21 na 22.

12. Na saratani ya zoloto?

Huko roboti si mfalme. Uvimbe mdogo wa nyuzi za sauti hutolewa kwa leza kupitia darubini ya upasuaji, au kwa mionzi. Uvimbe mkubwa uliovunja gegedu mara nyingi unadai zoloto lote litolewe, na mgonjwa anapumulia tundu la shingoni maisha yake yote. Anaongea tena kwa njia nyingine: valvu ndogo inayowekwa kati ya njia ya hewa na ya chakula, kifaa cha umeme cha kushika shingoni, au hewa ya kumeza na kucheua. Nimewasikia wakiongea. Unawaelewa.

13. Ni kweli kisu kikigusa saratani inasambaa?

Si kweli. Kinyama kikichukuliwa saratani haiamki. Kinachotokea ni kwamba watu wanakubali kisu wakiwa wamechelewa sana, wanafariki, na kisu kinabeba lawama. Bila kinyama hakuna daktari mwaminifu atakayekupa mionzi, dawa wala roboti.

## Ukiwa Dodoma na mikoa jirani

14. Nianzie wapi?

Anzia kituo chochote kinachoweza kukupa rufaa, na lengo liwe daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ina mabingwa hao na mashine za CT scan na MRI. Watu wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba, hata Manyoni na Singida wanafika huko.

Siku ya kwanza utapitishiwa kamera nyembamba puani. Inakera, macho yanatoa machozi, lakini ni dakika chache na unaongea ukiwa nayo. Kisha picha, kisha kinyama. Nenda na mtu anayekujua, awe na daftari, kwa sababu ukishasikia neno saratani masikio yanaziba na kinachofuata hukisikii.

Mionzi inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Treni ya SGR imepunguza mateso ya safari hiyo: tangu Julai 2024 Dodoma na Dar ni chini ya saa nne, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kwa mtu asiyeweza kumeza mate, saa tisa za basi zilikuwa adhabu.

15. Nilipo hakuna roboti. Nimekosa matibabu?

Hujakosa. Rudi swali la 11. Ukiacha mionzi, findo lenye uvimbe mdogo daktari mzoefu analitoa kupitia mdomoni kwa taa ya kichwani na kisu cha umeme, bila roboti. Muulize: "Uvimbe wangu unafikika bila roboti?" Akisema ndiyo na amefanya nyingi, mikono hiyo ina thamani kuliko mashine iliyo mikononi mwa mtu anayejifunza.

16. Gharama zikoje?

Mashine moja inafika dola milioni mbili za Marekani, na kila kifaa chake kina idadi ya matumizi iliyopangwa, kisha kinatupwa hata kama kinang'aa. Gharama hiyo anabebeshwa mgonjwa au mlipaji wake. Kabla ya kuuza shamba, nenda dirisha la bima na karatasi ya daktari, upate jibu la maandishi, si la mdomo. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo kwa ajili hiyo, na kuomba msamaha wa gharama si kuombaomba.

17. Ndugu wameshaamua twende India. Tubebe nini?

India, Afrika Kusini na Misri zina roboti kwa miaka mingi. Bebeni majibu ya kinyama pamoja na vipande vyenyewe vilivyohifadhiwa kwenye nta (vinaombwa maabara), picha za CT kwenye CD na si ripoti tu, na orodha ya dawa. Tumeni hivyo mbele kabla ya kukata tiketi, na mpate jibu la daktari kwamba uvimbe huu unafaa. Wako waliofika wakaambiwa "hapa ni mionzi", ileile waliyoiacha Dar es Salaam.

Na ulizeni nani atamwangalia mgonjwa akirudi. Daktari wa hapa ajue kabla hamjaondoka.

## Baada ya upasuaji

18. Damu ikitoka nyumbani nifanye nini?

Hili ndilo ninalolihofia kuliko yote. Kidonda cha koo hakishonwi. Kinaota utando, na utando huo unabanduka wenyewe, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Kati ya wagonjwa 100, takriban 5 hadi 10 hutoka damu. Nyingi ni kidogo na hukoma. Chache zinaua.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usilale mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama kwako ni Mpwapwa, tafuta ndugu hapa Dodoma mjini, Area C au Majengo, lala hapo. Damu ikianza, hata kijiko kimoja: kaa wima, inamia mbele, tema usimeze, na uende. Usilale chali, utapaliwa nayo. Usisubiri asubuhi. Jua mapema usiku huo utapanda bodaboda au gari la nani, namba yake iwe kwenye simu.

19. Nitakula nini?

Siku za mwanzo, wengi wanalishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani, siku chache mpaka wiki kadhaa. Halafu unafundishwa kumeza upya: kidevu kishuke kifuani, meza, kohoa kidogo, meza tena.

Watu hudhani maji ndiyo rahisi. Kumbe maji yanakimbia kuliko koo lililopasuliwa, yanaingia njia ya hewa. Kitu kizito na laini ndicho kinachoshuka kwa adabu: uji wa uwele uliochujwa, mtindi, parachichi lililopondwa, viazi vilivyosagwa na maziwa. Na mlenda! Mama mmoja wa Chamwino aligoma supu zote za wodini. Binti yake akaleta mlenda kwenye kichupa cha asali, umepoa, umepikwa bila pilipili. Alimeza kijiko cha kwanza akatutazama, akameza cha pili. Mtaalamu wa kumeza akimruhusu mgonjwa wako, sioni chakula kinachofaa zaidi kuliko hicho tulichokulia. Karanga, bisi, pilipili na ndimu vikae pembeni kwanza.

Mazoezi ya kufungua mdomo na kumeza fanya kila siku, hata yakiuma. Asiyefanya, koo na taya vinakakamaa.

20. Nikishapasuliwa bado nitahitaji mionzi?

Wengi ndiyo. Inategemea ukingo wa nyama iliyotolewa, mitoki mingapi ina saratani, na kama imetoboka nje ya ganda la mtoki. Mionzi ya baada ya upasuaji huwa karibu vipindi 30 katika wiki sita. Ikiwa ndiyo tiba kuu, ni karibu 35 katika wiki saba, mara nyingi pamoja na dawa ya dripu. Wako ambao upasuaji unawatosha. Swali hili muulize daktari kabla ya kupasuliwa: "Kwa picha yangu, uwezekano wa kuepuka mionzi ni upi?" Kama ni mdogo, unajiongezea kisu bila kupunguza mionzi.

Kabla ya mionzi, meno mabovu yang'olewe. Jino liking'olewa baadaye, taya linaweza lisipone.

## Hali za pekee

21. Mtoki wa shingo una saratani, lakini kooni hawaoni kitu.

Hapa roboti inang'aa. Uvimbe mdogo kama punje ya mtama unaweza kujificha ndani ya findo au shina la ulimi. Roboti inawezesha kutoa nyama ya shina la ulimi na kuipekua, na mara nyingi unapatikana. Ukipatikana, mionzi inaelekezwa sehemu moja badala ya koo zima.

22. Nilipata mionzi, sasa imerudi.

Mionzi ya pili mahali palepale ni vigumu, kwa hiyo upasuaji unafikiriwa tena, na uvimbe ukiwa mdogo roboti ni njia mojawapo. Kidonda hupona polepole kwenye nyama iliyopigwa mionzi, na hatari ya damu ni kubwa. Hapa ndipo ningemshauri ndugu yangu asafiri kwenda kwa mzoefu.

23. Nina kisukari. Nina VVU. Nina miaka 78.

Hakuna kati ya hayo linalokufungia mlango peke yake. Sukari itulizwe kwanza, dawa za VVU zisikatishwe hata siku moja, na umri unapimwa kwa nguvu za moyo na mapafu, si kwa cheti cha kuzaliwa. Anayetumia dawa za kulainisha damu, pamoja na aspirini, aseme mapema.

24. Ramadhani imenikuta na mpira puani.

Mgonjwa ana ruhusa, na siku zinalipwa akipona. Kulishwa kunafuata saa za daktari. Wagonjwa wetu wengi wa Kondoa wamezungumza na mashehe wao, na sijasikia shehe aliyesema vinginevyo.

25. Tumfiche mzee? Akijua atakata tamaa.

Nawaelewa mnaouliza hivi, mnauliza kwa mapenzi. Lakini anayefichwa hawezi kufanya mazoezi ya kumeza, hajui kwa nini asilale kijijini wiki mbili, na anaacha mionzi kipindi cha kumi na mbili kwa sababu "koo lenyewe halikuwa baya hivi". Na mara nyingi anajua.

Mzee mmoja aliletwa na wanawe wanne, wakanivuta pembeni kuniomba nisilitaje neno. Nikarudi kumpima presha. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ile iliyokwaruza: "Mwanangu, nikipasuliwa nitaweza kuadhini tena?" Nikamwambia swali hilo ni la daktari. Alisimama, akafunga vizuri kanzu yake, akaingia chumbani peke yake, wanawe wakabaki benchi.